Namna ya kupiga stori kazini na waliokuzidi cheo, na wale uliowazidi

Kazini hakuna stori isiyo na cheo ndani yake. Mnaweza kuwa mnazungumzia mvua, foleni au mechi ya jana, lakini nani ameanzisha mada, nani amekatizwa, nani amecheka kabla kichekesho hakijaisha, hayo yote yamefuata ngazi za ofisi hata kama hakuna aliyeyapanga. Kuwepo kwa ngazi si tatizo. Tatizo linaanza pale wa chini anapobaki na jambo la maana moyoni kwa sababu hajui aliingizie wapi, huku wa juu akiamini mambo ni shwari kwa kuwa kila anayekutana naye koridoni anatabasamu.

Mwongozo huu nimeuandika nikifikiria ofisi za Tanzania, hasa za serikali na mashirika ya umma, maana ndizo ninazozijua kwa undani. Aliye hospitali, shuleni au kampuni binafsi atajiona humu pia. Na nimemwandikia mtu aliye katikati, kwa sababu karibu sote tuko katikati: afisa aliyeajiriwa juzi kwa TGS D, ngazi ya mshahara ya kuanzia kwa mwenye shahada serikalini, anapima maneno yake mbele ya mkuu wa idara, na saa hiyohiyo mhudumu wa ofisi anapima maneno yake mbele ya afisa huyo. Msimamo wangu nausema mapema. Mzigo wa kuyafanya mazungumzo yawe huru uko kwa mwenye cheo kikubwa zaidi. Wa chini anaweza kujifunza adabu na mbinu, na zitamsaidia sana, lakini ruhusa inatoka juu.

Hatua ya 1: Siku za mwanzo, sikiliza kuliko unavyosema

Mahali pazuri pa kujifunzia ni chai ya saa 4. Mtumishi wa serikali anatakiwa awe kazini saa 1:30 asubuhi, kwa hiyo ikifika saa 4 kila mtu ana njaa na meza ya kantini imejaa: chapati, maharage, supu, chai ya maziwa. Kaa pembeni kidogo, kunywa chai yako, na tazama mada inavyobadilika mtu mmoja anapoingia.

Tuseme watu wa masijala wanalalamikia malimbikizo ya fedha za likizo. Mhasibu mkuu anaingia. Sentensi inakatika katikati, mtu anachukua kijiko anaanza kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka, mwingine anasema, "Jua la leo jamani, kali kweli." Hiyo habari ya jua ina taarifa ndani yake. Inakuonyesha jambo gani linawauma watu, nani hawawezi kulisema mbele yake, na nani amejitwika kazi ya kuwaokoa wenzake pale mazungumzo yanapokwama. Huyo wa mwisho mfahamu mapema, ni mtu wa thamani.

Sikiliza pia vicheko. Bosi akisema neno la kawaida na meza nzima ikacheka, umeuona uzito wa cheo chake. Akisema neno la kuchekesha kweli na mhudumu pekee ndiye akacheka kwa moyo, umemwona mtu asiyemwogopa.

Utagundua kwamba cheo cha kwenye karatasi na cheo cha kwenye mazungumzo havilingani. Katibu muhtasi ana mshahara mdogo kuliko wako, lakini yeye ndiye anayejua leo mkurugenzi ameamkaje, na neno lake moja, "Leo usiingie, njoo kesho," linaweza kukuepusha na balaa. Mzee wa masijala anajua faili lipo wapi na lilikwama kwa nani. Ukiwasalimia watu hawa siku ile tu unayohitaji kitu, wanaona. Wasalimie siku usizohitaji kitu.

Hatua ya 2: Salamu ifuate umri, kazi ifuate cheo

Hapa ndipo wengi wanateleza, maana mila inasema mdogo amwamkie mkubwa, ofisi inasema wa chini amheshimu wa juu, na siku hizi si ajabu bosi kuwa na miaka 34 na mlinzi wa getini 58.

Kanuni ninayoiamini ni hiyo ya kichwa cha hatua hii. Bosi kijana ampe mlinzi shikamoo, tena kwa sauti ya kusikika, akiwa amesimama au ameteremsha kioo cha gari, si kwa kupunga mkono akipita. Baada ya hapo akimwambia, "Mzee, yule mgeni asiingie kabla hajasaini kitabu," agizo linabaki kuwa agizo na halijapungua nguvu hata kidogo. Heshima si utumwa, na mzee aliyeamkiwa vizuri asubuhi hubeba agizo lako bila kinyongo.

Kuna wazee ambao, kwa kuzoea mabosi wa zamani au kwa hofu, watakuwahi wao: "Shikamoo bosi." Usiitikie "marahaba" kwa mtu wa umri wa baba yako. Mjibu palepale, "Hapana mzee wangu, shikamoo wewe." Ukirudia hivyo siku chache, ataacha, na walio karibu watakuwa wamejifunza kitu juu yako.

Kwa wanaokaribiana umri, "Habari za asubuhi" haina hasara popote. "Mambo" hushuka au huenda kwa aliye sawa nawe. Haipandi mpaka wa juu aianzishe mwenyewe. Bosi akikuambia "Mambo vipi," jibu "Poa" bila woga, lakini kesho wewe anza tena na habari za asubuhi. Ataona unaujua mpaka, na akitaka mpaka huo uondoke atauondoa mwenyewe.

Majeshi na polisi wana utaratibu wao. Huko ni "Jambo afande," na cheo kinashinda umri mchana kweupe. Ukihamia ofisi ya kiraia ukitokea huko, jipe muda wa kulegeza shingo.

Angalizo kuhusu wanawake wenye vyeo. Kumwita mkurugenzi "mwanangu" au "mdogo wangu" mbele ya kikao ni kumvua cheo kwa maneno ya upole, na wanaofanya hivyo mara nyingi wanajua wanachokifanya. Kama ni binti wa rafiki yako, mwite hivyo nyumbani. Kikaoni ni mkurugenzi, au "madam" kama ofisi nzima inavyomwita. Ukimsikia mwenzako akimshusha hivyo, unaweza kurekebisha bila ugomvi: chukua zamu ya kusema na uanze na cheo chake, "Kama alivyosema mkurugenzi..." Kikao kinarudi mahali pake.

Hatua ya 3: Jua utamwitaje mtu

Nchi hii iliwahi kulifanyia jambo hili kazi kisiasa. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, "ndugu" lilikuwa neno la kumwita kiongozi na mwananchi vilevile. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu chake cha 15, ukapiga marufuku kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani Dar es Salaam walikisoma kifungu hicho kwa makini, na migogoro kadhaa iliyofuata haikuwa ya mshahara peke yake: waliwakataa mameneja kwa sababu ya namna walivyowasemesha watu. Nalitaja hili kwa sababu kuna wanaodhani kudai lugha nzuri kazini ni udhaifu wa vijana wa leo. Watu waliokuwa na familia za kulisha walisimamisha mashine kwa ajili hiyo.

Siku hizi "mheshimiwa" limetapakaa. Kwa mbunge, waziri au diwani ni sawa. Kulibandika kwa kila mwenye kiti kinachozunguka kunaongeza umbali ambao hakuna aliyeuhitaji, na mabosi wanyoofu wenyewe huona aibu kuitwa hivyo. "Mkuu" na "kiongozi" ni maneno ya katikati yanayofaa karibu kila mahali. Daktari, mwalimu na injinia waite kwa fani zao. Jina tupu liache mpaka uambiwe, na ukiambiwa "niite jina langu tu," litumie mnapokuwa wawili. Mbele ya wageni rudisha cheo. Kama hujui, muulize katibu muhtasi.

Hatua ya 4: Ingia kwenye utani kwa mlango uliokwisha funguliwa

Utani una hatari kubwa kuliko stori zote za kazini, na una faida kubwa kuliko zote. Jambo la kwanza la kuelewa ni mwelekeo wake: hushuka kwa urahisi, hupanda kwa ruhusa. Mwaka 1960 mwanasosholojia wa Marekani Rose Coser alichapisha utafiti kuhusu vicheko katika vikao vya watumishi wa hospitali moja ya magonjwa ya akili. Aliona kwamba madaktari wakubwa ndio waliotania zaidi, na mara nyingi waliotaniwa walikuwa walio chini yao. Wadogo nao walitania, lakini waliwalenga wagonjwa, ndugu za wagonjwa, au walijitania wenyewe. Mkubwa aliyekuwepo kikaoni hawakumgusa. Kaa katika kikao cha idara yoyote Dodoma au Mwanza, utayaona hayohayo.

Sisi lakini tuna kitu ambacho ofisi nyingi za ughaibuni hazina: utani wenye hati. Mpare na Mchaga wanaweza kuvurumishiana maneno bila kuangalia nani amemzidi nani, kwa sababu utani huo waliukuta. Na uko utani wa Simba na Yanga. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka uliofuata, na watani wa jadi hao wamewapa wafanyakazi wa nchi hii nafasi ambayo hakuna afisa utumishi angeweza kuibuni. Siku ya kwanza ya kazi baada ya mechi yao, mhudumu anaingia ofisini kwa mkurugenzi na sinia la chai, anaweka kikombe taratibu, anauliza kwa sauti ya huruma, "Bosi, nikuletee na Panadol?" Mkurugenzi anajua alichofungwa. Anacheka, anasema, "Ondoka hapa, nina kazi mimi." Hakuna aliyevunjiwa heshima, maana anayechekwa ni klabu, na wote wawili wanajua mechi ijayo huenda zamu ikageuka.

Kwa hiyo, wewe uliye chini, anzia hapo. Usianzishe utani wa aina mpya kwa mtu aliye juu yako. Tumia ule ambao ofisi imeshaukubali. Ukimwona anajibu, umepata njia. Akinyamaza au akajibu kwa neno la kazi, rudi kwenye kazi kama vile hukusema kitu, bila kuomba radhi nyingi. Radhi nyingi hulifanya jambo dogo kuwa kubwa.

Wewe uliye juu, una kipimo kimoja tu cha kweli: je, huyu ninayemtania anaweza kunirudishia utani wa aina hiyohiyo, mbele ya watu hawahawa, na kesho akaja kazini bila wasiwasi? Kama hawezi, hicho unachofanya si utani. Kicheko chake usikitumie kama ushahidi, kwa sababu anacheka akiwa anafikiria fomu ya tathmini utakayomjazia.

Yapo mambo ambayo hayataniwi kabisa kutoka juu kwenda chini: mwili wa mtu, ndoa yake, kupata au kutopata mtoto, ulemavu, dini, mshahara. Mengine kati ya hayo yanagusa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, inakataza ubaguzi katika kifungu cha 7, na unyanyasaji unaotokana na misingi iliyotajwa humo, kama vile jinsia, ujauzito, ulemavu au dini, unahesabiwa kuwa ubaguzi. Kauli ya "nilikuwa natania tu" haimtoi mtu hapo. Ongeza na vyeti vya shule. Tangu uhakiki wa mwaka 2017 ulipowabaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi na wakaondolewa kazini, swali la "hivi vyeti vyako wewe ni halali kweli?" likitoka kwa bosi halichekeshi hata kwa mtu aliyesoma kwa jasho lake.

Hatua ya 5: Kumbuka kwamba neno jepesi la bosi halifiki likiwa jepesi

Mkurugenzi anapita mapokezi, anasimama kidogo, anasema bila kumwelekea mtu, "Hapa pangependeza maua." Amesahau kabla hajafika ofisini kwake. Huku nyuma dokezo sabili, karatasi ya ndani ya kuomba idhini, limeshaandikwa, afisa ugavi anatafuta bei za vyungu, na mtu ameacha kazi ya maana kukimbizana na maua. Hakuna aliyekosea kwa nia mbaya. Mkubwa alikuwa anaongea, wadogo walisikia agizo.

Vivyo hivyo na maswali. "Naona wiki hii hukuonekana sana" ni salamu kwa anayesema. Kwa anayeambiwa ni onyo, na usiku huo hatalala vizuri. "Ile ripoti imefikia wapi?" iliyoulizwa kwenye foleni ya chakula inamharibia mtu chakula.

Dawa kwa mwenye cheo ni kumalizia sentensi. Sema, "Hukuonekana, nikahofia unaumwa. Umzima?" Sema, "Ninawaza tu kwa sauti, msilifanyie kazi mpaka nirudi nalo." Ripoti iulize ofisini, chakula kiache kiwe chakula. Inaonekana ni maneno machache ya ziada, lakini yanaokoa siku za kazi na presha za watu.

Kwa aliye chini, jizoeze kuuliza swali moja bila kuona haya: "Mkuu, hilo nilishughulikie, au tulikuwa tunaongea tu?" Mabosi wengi hulipenda swali hilo, kwa sababu hawapendi kukuta vyungu wasivyoviagiza.

Hapa niseme pia kuhusu lugha. Kikundi kinazungumza Kiswahili vizuri, ghafla wawili wenye vyeo wanahamia Kiingereza, na mhudumu anayekusanya vikombe anaelewa kwamba ameambiwa atoke. Kama jambo ni la siri, nendeni ofisini. Kama si la siri, liendelee kwa lugha ya mezani.

Hatua ya 6: Kwenye safari, ongea, lakini jua mipaka ya gari

Dar es Salaam hadi Dodoma kwa barabara ni kama kilomita 450. Muda wote huo mmo ndani ya gari moja: bosi, maafisa wawili na dereva. Ngazi hulegea huko kuliko mahali pengine popote kazini, na mengi yanayoamuliwa vikaoni yalionjwa kwanza barabarani.

Mada nzuri za gari ni zile ambazo cheo hakimpi mtu ubingwa. Ujenzi wa nyumba ni namba moja: bei ya mabati, fundi aliyekimbia na fedha, kiwanja chenye wamiliki wawili. Dereva aliyejenga vyumba vyake vitatu kwa miaka minane anaweza kumfundisha mkurugenzi jambo hapo, na atasikilizwa. Kilimo vilevile. Mkipita Kibaigwa na soko lake la mahindi, muulize aliyekulia huko. Mkikaribia Dodoma, zabibu na alizeti zinaanzisha stori zenyewe. Kwenu ni wapi, ulisoma wapi, mvua huko kwenu zimeanza? Maswali hayo yanampa wa chini nafasi ya kuwa mwenyeji wa mazungumzo.

Posho iache. Viwango vinatofautiana kwa vyeo, kila mmoja garini anajua hilo, na kuitaja mezani Morogoro kunawarudisha wote kwenye ngazi zao kabla supu haijaja. Kuhusu kulipa, desturi ni rahisi: bosi akisema "agizeni," analipa yeye, akisema "tule kwanza," kila mtu na mfuko wake. Bosi asiyetaka kulipa asiseme "agizeni." Mkaribisheni dereva mezani, lakini akisema anataka kunyoosha mgongo kwanza, mwacheni. Ana usukani wa kushika, na huenda hiyo ndiyo nusu saa yake pekee ya kutokuwa mtumishi wa mtu.

Jambo la mwisho la safari: usimseme aliyebaki ofisini. Dereva mzuri hasikii kitu, lakini mwenzako wa kiti cha nyuma anasikia vizuri sana.

Hatua ya 7: Kundi la WhatsApp na karatasi ya michango

Katika kundi la idara, bosi anaandika ujumbe saa 4 usiku, na ndani ya dakika chache simu za watu wote zinalia "Nimepokea mkuu," "Nimepokea," "Pamoja sana kiongozi." Waliokuwa wamelala wanaamka kujibu ili wasionekane wamekaidi. Bosi, andika mwishoni "hakuna haja ya kujibu," au afadhali zaidi, tuma asubuhi. Wewe wa chini, kichekesho usichoweza kukisoma kwa sauti kikaoni usikiweke humo. Kundi la pili lisilo na bosi lipo karibu kila ofisi. Mabosi, msilitafute. Wanachama, kumbukeni picha ya skrini haina uaminifu.

Michango ya harusi na rambirambi ni mazungumzo pia, ingawa yanafanywa kwa tarakimu. Karatasi ikianza kwa mkurugenzi akaandika 100,000, walio chini yake wanashuka ngazi kwa ngazi, na mhudumu aliyekuwa na 5,000 ya moyo wote anaona haya kuiandika. Ikianza kwa mhudumu, mkuu wa idara anajibana. Njia ninayoipendekeza ni kila mmoja ampelekee mweka hazina kimya kimya, na yatangazwe majina bila viwango, pamoja na jumla. Msibani kila mtu ni mfiwa.

Hatua ya 8: Kupandisha jambo zito kupitia njia nyepesi

Watu wengi hujaribu kumdokezea bosi tatizo kwa mzaha, wakitumaini ataelewa. Mara nyingi haelewi, au anaelewa vibaya. Mzaha utumie kuzoeana, jambo lenyewe liombee nafasi: "Mkuu, naomba dakika mbili baadaye." Maneno hayo machache yanamtayarisha, na yanakupa heshima ya mtu mwenye jambo. Chagua muda baada ya chai, siku ambayo katibu muhtasi amekuambia hali ni nzuri. Usimwendee nalo msibani wala mlangoni akiwa anatoka.

Anza na kilichotokea, si na unavyojisikia wala na "watu wanasema." Ukisema "watu," atataka kujua ni watu gani. Sema, "Madai ya likizo ya mwaka jana hayajalipwa kwa baadhi yetu, nami nikiwa mmojawapo, na nimeona ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwingine." Kama jambo ni zito kuliko kimo chako, tumia mshenga. Kila ofisi ina mtu mzima ambaye bosi humsikiliza: mzee anayekaribia kustaafu, mama wa utawala, kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Kupitia kwake si woga. Ni utaratibu wetu wa siku zote, na unamwachia bosi nafasi ya kubadilika bila kuaibika.

Kwa unayeletewa jambo, nakuomba ukumbuke kwamba mkubwa ni jalala. Yatatupwa kwako ya haki na yasiyo ya haki, na kazi yako ni kuyapokea kwanza. Lipo swali moja ambalo likitoka kinywani mwako litawafunga watu midomo kwa miaka: "Nani amesema?" Usiliulize. Hata kama unalitaka sana jina, hata kama unahisi unalijua. Uliza lilitokea lini, limegusa wangapi, wao wangependa lifanyweje. Na yule aliyekuletea habari mbaya, kesho yake msalimie wewe kwanza, mbele za watu. Wenzake wote watakuwa wanaangalia anavyosalimiwa.

Hatua ya 9: Ukipandishwa cheo kati ya wenzako

Hili ni gumu kuliko yote yaliyotangulia. Jana mlikuwa mnamsema mkuu wa idara pamoja. Leo barua imetoka na mkuu wa idara ni wewe. Unaingia kantini, meza yako ya siku zote inanyamaza nusu sekunde, halafu mtu anasema jua la leo kali.

Usijifanye hakuna kilichobadilika. Wenzako wanajua kwamba sasa unaidhinisha likizo zao, na ukilazimisha ukaribu wa zamani utawachosha. Usijitenge pia ukaanza kula ofisini peke yako, kwani utakuwa umewathibitishia wanachokihofia. Nenda kwenye chai, lakini kaa kwa muda mfupi kuliko zamani. Piga stori zilezile za mpira na ujenzi. Kisha ondoka mapema, uwaachie dakika zao za kusema wanachotaka kusema, hata kikiwa juu yako. Wanahitaji dakika hizo kama wewe ulivyozihitaji.

Jitoe mwenyewe kwenye kundi lile la pili la WhatsApp siku barua inapotoka, kwa ujumbe mfupi wa kuaga, kabla mtu hajalazimika kukuondoa. Yale uliyoyasikia ukiwa mwenzao, nani alimsema nani, nani aliondoka mapema Ijumaa, yabaki hukohuko. Ukiyatumia hata mara moja katika uamuzi, hutaambiwa tena jambo na mtu yeyote.

Na rafiki yako wa karibu kati yao, mwambie wazi mkiwa wawili: "Nje ya hapa mimi ni yuleyule. Hapa ndani, nikikuamulia kitu usichokipenda, njoo uniambie usoni." Kisha msubiri. Huenda zikapita wiki kabla hajaja, na akija ataanza na dogo: bomba la chooni halitoi maji, au zamu ya Jumamosi imemwangukia mtu mmoja mara nne mfululizo. Usilipime kwa udogo wake, na usimwambie apeleke kwa maandishi. Lishughulikie wiki hiyohiyo, halafu mfuate kwenye meza yake, si kwenye kundi, umwambie limefikia wapi.